Deni la kaboni moja: njia mbili za kutengeneza brufen

Itifaki imezingatiwa. Walimu wangu mliopo, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga usanisi, yaani utengenezaji, wa hatua nyingi wa molekuli ya kaboni, na namna ya kulinganisha njia moja na nyingine. Nilimuuliza mwenyekiti wasikilizaji watakuwa wa mwaka wa ngapi. Akajibu: wa kwanza hadi wa nne, wafamasia wachache, na watu waliosikia kuna chai. Kwa hiyo nimechagua molekuli ambayo hata watu wa chai wanaijua. Nani hapa hajawahi kumeza brufen? Naona mkono mmoja tu, na nadhani huyo ndugu anajikuna kichwa.

Jina la kikemia ni ibuprofeni. Ilipatikana kwa kazi ya Stewart Adams na wenzake katika kampuni ya Boots mjini Nottingham, na mwaka 1969 madaktari wa Uingereza wakaanza kuiandikia wagonjwa. Nimechora umbo lake ubaoni. Katikati kuna pete ya benzeni. Upande mmoja wa pete kuna mkia wa kaboni nne wenye panda. Upande unaotazamana nao kuna kaboni moja iliyobeba vitu viwili: kundi dogo la methili, na kundi la asidi. Kwa hesabu ni kaboni 13, hidrojeni 18, oksijeni 2. Moli moja, kile kipimo cha wanakemia cha kuhesabia molekuli, ina uzito wa gramu 206. Shikeni namba hiyo, tutaihitaji.

Sasa tunaitengenezaje? Kosa la mwanafunzi, na nililifanya miaka mitatu mfululizo, ni kufungua kabati na kuuliza: nina nini? Mpeleke fundi cherehani gauni lililotoka Dubai, mwambie unataka lingine kama hilo. Fundi anayejua kazi hashiki mkasi. Analipindua nje ndani, anatazama mishono, anatafuta mshono uliopigwa mwisho, kisha uliotangulia huo, mpaka anabaki na vipande bapa vya kitambaa mezani. Hapo ndipo anaulizia bei ya kitambaa. Mtu aliyeugeuza ufumuaji huo kuwa taaluma yenye kanuni ni E. J. Corey wa Chuo Kikuu cha Harvard, na alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa ajili hiyo mwaka 1990. Mimi nauita kupanga kinyumenyume.

Basi tufumue. Mshono wa mwisho naukata hapa, kati ya kundi la asidi na ile kaboni inayolibeba. Nikiondoa asidi nabaki na pete, mkia, na kaboni mbili pembeni. Kaboni mbili pembeni mwa pete ya benzeni: nyote mnajua zinavyobandikwa. Unaweka oksijeni kwenye kaboni iliyogusana na pete, unapata ketoni, na ketoni ya namna hiyo inatengenezwa kwa mmenyuko wa Friedel na Crafts, uliojulikana tangu 1877. Nikikata hapo pia, nabaki na isobutilibenzeni, yaani pete na mkia wake, na anhidridi ya asetiki. Vyote vinauzwa kwa mapipa.

Nisimame kwenye hiyo ketoni, maana utamu wote uko hapo. Ina kaboni 12, hidrojeni 16, oksijeni 1. Uzito 176. Njia ya zamani ya Boots inapita kwenye ketoni hii. Njia mpya iliyoishinda nayo inapita kwenye ketoni hii hii. Zinafuatana kama daladala mbili za Kariakoo mpaka kituo kimoja, kisha zinaachana. Na kinachozitenganisha ni jibu la swali moja: kutoka hapa, tunadaiwa nini?

Chukua ibuprofeni, toa ketoni. Kaboni 13 toa 12, inabaki 1. Hidrojeni 18 toa 16, zinabaki 2. Oksijeni 2 toa 1, inabaki 1. Deni letu ni kaboni moja, oksijeni moja na hidrojeni mbili. Basi. Gramu 30 kwa kila moli.

Sasa tazameni njia ya kwanza inavyolipa deni hilo. Ketoni inakutanishwa na kloroasetati ya ethili pamoja na ethoksidi ya sodiamu. Kloroasetati inaleta kaboni mbili za asidi yake, wakati tunadaiwa moja, tena inaleta klorini na kundi la ethili ambavyo hakuna aliyeviomba. Hatua inayofuata inaitupa kaboni ya ziada kama kaboni dioksidi, na tunapata aldehidi. Kwa nini wasiioksidishe aldehidi moja kwa moja iwe asidi? Swali zuri, ukilifikiria sasa hivi uko mbele ya wenzako. Walichofanya ni kuleta haidroksilamini, naitrojeni ikaingia, ikawa oksimu. Oksimu ikanyang'anywa maji, ikawa nitrili. Nitrili ikaongezwa maji, naitrojeni ikatoka, ikabaki asidi. Hatua tatu za kuikaribisha naitrojeni ndani ya nyumba na kuitoa nje. Ibuprofeni haina naitrojeni hata chembe. Ilipanda kituo kimoja ikashuka cha pili, na nauli tukalipa sisi.

Jumla ni hatua sita.

Njia ya pili ilibuniwa na ubia wa Boots na kampuni ya Hoechst Celanese, na kiwanda kikaanza kuitumia mwaka 1992 huko Bishop, Texas. Ketoni inaongezwa hidrojeni juu ya nikeli, inakuwa alkoholi. Alkoholi inapewa monoksidi ya kaboni mbele ya metali ya paladi, na kaboni hiyo inaingia yenyewe hasa pale tulipokata mshono. Mmeona? Hidrojeni mbili, halafu kaboni moja na oksijeni yake. Deni lililipwa kwa noti zile zile tulizodaiwa, bila chenji. Ukihesabu na hatua ya kutengeneza ketoni, njia nzima ina hatua tatu. Mwaka 1997 ilipewa tuzo ya serikali ya Marekani ya kemia isiyochafua mazingira.

Tuingie kwenye hesabu. Mwaka 1991 mwanakemia Barry Trost alitufundisha kuuliza swali ambalo kila mama muuza vitumbua anajiuliza jioni: katika vyote nilivyonunua, kiasi gani kimeingia kwenye kitumbua? Njia mpya inanunua isobutilibenzeni, 134, anhidridi ya asetiki, 102, hidrojeni, 2, monoksidi ya kaboni, 28. Jumla 266. Kilichoingia kwenye dawa ni 206. Hiyo ni asilimia 77, na zile 60 zilizobaki ni asidi ya asetiki, ambayo unaweza kuikusanya na kuiuza. Njia ya zamani inaanza na 134 na 102 zile zile, kisha kloroasetati 122.5, ethoksidi 68, haidroksilamini 33, pamoja na maji na asidi ya kuchachulia, 55. Jumla inafika 514.5. Gawanyeni wenyewe. Asilimia 40.

Hapa watu huchanganya mambo mawili, nami nataka myatenganishe leo. Mazao yanakwambia kati ya ulichotarajia umepata kiasi gani. Hesabu ya atomi inakwambia ulitarajia nini tangu mwanzo. Kwenye njia ya zamani, hata ukiwa na mikono ya malaika na kila hatua ikakupa asilimia mia, bado kilo sita kati ya kila kumi ulizonunua zitaenda kwenye taka. Hilo halirekebishwi kwa kukoroga vizuri. Limeandikwa kwenye mpango.

Tena ile 40 inaipendelea njia ya zamani. Kloridi ya alumini inayotumika kwenye hatua ya kwanza haimo kwenye hesabu, kwa sababu vitabu vinaiita kichocheo. Kichocheo gani kinachohitaji zaidi ya moli moja kwa kila moli ya mazao? Inajishikiza kwenye oksijeni ya ketoni na haiachii, mpaka umwage maji, nayo inageuka tope. Ukilinganisha njia mbili, angalia kilichofichwa nyuma ya neno "kichocheo".

Kabla hamjaenda nyumbani mkidhani kazi ni kutoa na kujumlisha, niwape hadithi ya William Henry Perkin. Mwaka 1856, London, kijana wa miaka 18, likizo ya Pasaka. Alikuwa anatafuta kwinini, dawa ya malaria, na alijua ina kaboni 20, hidrojeni 24, naitrojeni 2, oksijeni 2. Akachukua aliltoluidini, yenye kaboni 10, hidrojeni 13 na naitrojeni 1. Mbili zake ukiziongezea oksijeni tatu na kutoa maji, hesabu inakubali mpaka atomi ya mwisho. Akaweka dikromati ya potasiamu, akapata tope jekundu lenye ukahawia. Alipojaribu na anilini akapata tope jeusi, na ndani ya tope hilo akaikuta rangi ya zambarau iliyomtajirisha. Kwinini hakuiona. Hesabu yake haikuwa na kosa. Wakati ule hakuna aliyejua atomi za kwinini zimeshikanaje, kwa hiyo alikuwa fundi anayeijua idadi ya mita za kitambaa bila kuliona gauni.

Hesabu ya deni inafaa kwenye ibuprofeni kwa sababu tunajua deni linadaiwa mahali gani. Hidrojeni inaenda kwenye oksijeni ya ketoni na kaboni yake, monoksidi inaenda pale palipoacha oksijeni, na kuna metali inayoweza kufanya kazi hiyo bila kugusa pete. Tofauti ya fomula inakuonyesha pa kuchungulia. Mlango unafunguliwa na mmenyuko wenyewe.

Na kwa kuwa nimeitaja kwinini, niongeze hili. Wanakemia Robert Woodward na William Doering walitangaza usanisi wake mwaka 1944, wakati Java, kisiwa kilichokuwa kikitoa sehemu kubwa ya magome ya mti wa kwinini, kilikuwa mikononi mwa Wajapani. Walifika kwenye kwinotoksini, molekuli iliyo karibu na kwinini, na kutegemea kazi ya Paul Rabe na Karl Kindler ya 1918 kumalizia safari. Mwaka 2001 Gilbert Stork na wenzake wakaonyesha njia inayopanga kila kona ya molekuli kwa mkono wake sahihi, wa kulia au wa kushoto. Kazi za kuvulia kofia. Lakini kwinini inayouzwa inatoka kwenye gome la mti. Miti hiyo ilipandwa Amani, kule Usambara, tangu enzi za Wajerumani, na Bukavu, Kivu ya Kusini, magome bado yanachemshwa kiwandani. Kwenye jedwali lako la kulinganisha njia, weka safu ya mti. Mara nyingine mti unashinda, na si aibu.

Sasa swali la vitendo. Kesho nikikupa kazi ya kutengeneza gramu tano za ibuprofeni kwenye maabara yetu, utachagua njia ipi? Wengi mmeshikwa na zile hatua tatu. Tusomeni masharti. Hatua ya kwanza inafanyika ndani ya floridi ya hidrojeni, ambayo ndiyo kichocheo na ndiyo kiyeyushi. Inachemka kwa nyuzi 19.5. Hapa Dar es Salaam itakuwa mvuke kabla hujamaliza kuvaa glavu. Inakula kioo, kwa hiyo vyombo vyote ulivyonavyo havifai. Ikikugusa inapenya mpaka ndani ya nyama na kukamata kalsiamu ya mwili wako. Kiwandani inazungushwa ndani ya mabomba yaliyofungwa na karibu yote inarudi kutumika tena, ndiyo maana mpango ule unasifiwa. Hatua ya tatu inataka monoksidi ya kaboni kwa shinikizo, gesi ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Kiwanda cha Texas kinafaidi hatua tatu hizo kwa sababu kilijengwa kwa ajili yake. Mimi na wewe tungeishia magazetini.

Ipo njia ya tatu, inayotumika sana kufundishia. Unafika kwenye alkoholi kwa borohidridi ya sodiamu, unabadilisha kundi la alkoholi kuwa klorini, unaweka magnesiamu, kisha unapitisha kaboni dioksidi. Kaboni moja imeingia, deni limelipwa, japo kwa kupitisha klorini na magnesiamu ambazo zitatupwa. Nimeifanya, na nawaeleza jinsi nilivyoaibika. Mmenyuko wa magnesiamu unataka ukavu. Ilikuwa mwezi wa nne, masika imeshika, hewa unaweza kuikamua kama nguo. Nilikausha vyombo, nikaviacha vipoe mezani kama kitabu kilivyosema. Kitabu kiliandikwa kwenye baridi kavu ya Ulaya. Mchana kutwa vipande vya magnesiamu vilikaa chini ya chupa vikinitazama. Etha, kiyeyushi changu, ambayo inachemka kwa nyuzi 34.6, ilikuwa inapungua yenyewe. Fundi wa maabara, mzee mmoja mpole, akapita akaniambia, "Mwanangu, vyombo vipoze ukiwa umevifunga kwa gesi ya naitrojeni. Hapa ni pwani." Niliianza upya nikiwa na alkoholi nusu ya ile niliyokuwa nayo asubuhi.

Tangu siku ile, jedwali langu lina safu mbili ambazo vitabu havina. Moja: hatua hii inavumilia hali ya hewa ya hapa? Nyingine: kemikali hii inafika kwa muda gani? Hatua moja inayotegemea chupa itakayokaa bandarini miezi minne ni ndefu kuliko hatua tatu za vitu vilivyopo stoo. Kwa nini tuhesabu hatua kwa idadi tu, kana kwamba zina urefu sawa?

Kuhusu idadi yenyewe sisemi mengi, kikokotoo mnacho. Kila hatua ikitoa asilimia 90, ambayo ni nzuri sana, hatua kumi na moja mfululizo zinakuacha na asilimia 31. Lakini molekuli ile ile ukiipanga kama pilau la shughuli, mmoja anakaanga nyama, mwingine anakata kachumbari, vinakutana kwenye sinia, mambo yanabadilika. Nusu mbili za hatua tano tano, kisha hatua moja ya kuziunganisha: kazi bado ni kumi na moja, ila mnyororo mrefu kabisa una hatua sita, na unabaki na asilimia 53. Na pilau likiungua, kachumbari ipo.

Nisije nikawafanya mkaogopa kutupa kitu chochote. Tropinoni, ndugu wa atropini ambayo wafamasia wetu wanaijua, ilitengenezwa na mwanakemia Richard Willstätter mwaka 1901 kwa mlolongo mrefu ulioanzia kwenye sikloheptanoni, na mazao ya jumla yalikuwa asilimia 0.75. Mwaka 1917 Robert Robinson akaitazama molekuli ile ile akaona kwamba nusu yake ya kushoto inafanana na ya kulia. Akaikata vipande vitatu: dialdehidi ya kaboni nne, methilamini, na kitu kinachofanya kazi ya asetoni. Akavichanganya ndani ya maji, chombo kimoja. Alianza na asilimia 17, na baadaye wengine waliipandisha ikapita 90. Sasa sikilizeni: hakutumia asetoni tupu. Alitumia asidi yake yenye makundi mawili ya kaboksili pembeni, na yote mawili yanatoka mwishoni kama kaboni dioksidi. Alitupa atomi kwa makusudi! Lakini makundi yale, kabla ya kutoka, yanazifanya kaboni zilizo jirani nayo zichangamke na kushika pale zinapotakiwa. Kibarua amefanya kazi, amelipwa, ameondoka. Naitrojeni ya njia ya Boots ilifanya kazi gani ambayo oksijeni isingeifanya? Hilo ndilo linalonikera, na miaka yote hii bado linanikera.

Dada pale nyuma ameandika swali kwenye karatasi: je, mkono wa kulia na wa kushoto? Ameona vizuri. Ile kaboni iliyobeba asidi inaweza kukaa kwa namna mbili, kama glavu mbili za jozi moja, na ni moja tu inayotuliza maumivu sawasawa. Njia zote tatu zinatoa mchanganyiko nusu kwa nusu. Kwa dawa nyingine hilo lingeifuta njia kwenye orodha. Ibuprofeni ina bahati: mwilini sehemu kubwa ya ile isiyofaa inageuzwa kuwa inayofaa, kwa hiyo mchanganyiko unauzwa ulivyo. Usitegemee bahati hiyo kwenye molekuli yako.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na chai inapoa. Niwaachie kazi moja, na tuianze hapa hapa. Panado, yaani parasetamoli. Pete ya benzeni, upande mmoja oksijeni yenye hidrojeni, upande wa pili naitrojeni iliyobeba kundi la asetili. Njia moja inaanza na fenoli, inaitia asidi ya naitriki, na mara unapata aina mbili ambazo lazima uzitenganishe. Unaondoa oksijeni kwenye naitrojeni, unabandika asetili. Njia nyingine inaanza na fenoli pia, inabandika asetili kwanza kwenye pete, inapata ketoni, inaleta haidroksilamini, na oksimu inageuzwa ndani nje mpaka naitrojeni inaingia katikati ya pete na asetili.

Ndiyo, haidroksilamini ile ile. Safari hii naitrojeni imepanda na haishuki. Chukueni uzito wa kila kitu, andikeni deni kutoka kwenye fenoli, kisha mniambie ipi mngeifanya Texas na ipi mngeifanya hapa, mwezi wa nne. Naona mkono mstari wa tatu. Njoo, kaka, chaki hii.